Mzee Aliyeomba Kulipa Ada

Juma lililopita sikuandika, na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Sikuwa mgonjwa. Nilikaa mezani mara mbili, nikaandika, nikafuta, kwa maana jambo nililotaka kuwashirikisha linanihusu mimi mwenyewe, na si rahisi mtu kuandika juu ya kosa lake wakati kosa hilo lingali katika karatasi, kwa mwandiko wake. Juma hili nimejipa moyo.

Wengi wenu mnakifahamu kikundi chetu cha kufa na kuzikana hapa Kaliua. Kwa ajili ya wale wanaosoma kutoka mbali, nieleze kwa kifupi. Kaliua ilipofanywa wilaya mwaka 2012, mji wetu, ambao kwa miaka mingi ulijulikana kama njia panda ya reli na soko la tumbaku, ulipokea watumishi wengi wageni: walimu, wauguzi, makarani, mafundi. Mtu alifika na masanduku yake, mwenzi wake na watoto wake, lakini hakuja na ukoo wake. Siku alipofiwa alitazama kushoto na kulia, asione shangazi wa kupika wala mjomba wa kuchimba kaburi. Ndiyo maana mwaka 2014 watu kumi na tisa, Wakristo na Waislamu, tulikaa chini ya mwembe tukaanzisha kikundi. Leo tuko 32. Mwanachama hutoa kiingilio cha shilingi 20,000, kisha ada ya shilingi 5,000 kila mwezi. Akifariki, familia yake hupewa shilingi 600,000. Akifiwa na mwenzi au mtoto, hupewa shilingi 300,000. Zaidi ya fedha hizo tunachimba kaburi, tunapika, tunakesha na wafiwa.

Kila baada ya miezi mitatu tunakula pamoja chakula cha mchana na kumwalika mgeni atuzungumzie. Desturi hiyo tuliletewa na mwanachama wetu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye aliwahi kualikwa katika mkutano wa klabu ya Rotary alipokuwa akifanya kazi mji mwingine. Kwa wasioijua, Rotary ni klabu za huduma zilizoanzia Chicago, Marekani, mwaka 1905, na jina hilo latokana na wanachama wa kwanza kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, kesho katika ofisi ya yule. Wanakula, wanamsikiliza mgeni, kisha wanapanga kazi ya kuwasaidia watu. Sisi hatuna ofisi za kuzungukiana, lakini wazo la kula na kusikiliza lilitupendeza. Tumekwisha kumsikiliza bwana afya, mtaalamu wa nyuki, na hata fundi wa visima.

Safari hii katibu wetu alipendekeza tumwalike mwanamuziki. Alisema kuna mzee amehamia hapa kwa binti yake, mtu aliyepiga gitaa katika bendi moja ya Tabora miaka ya 1970, na kwamba ingekuwa vema, baada ya kusikiliza habari za malaria na mizinga, tufurahi kidogo. Wote tulikubali. Katibu akamwandikia barua yenye muhuri, akamwita humo “Kiongozi wa Okestra”.

Siku ya Jumamosi hiyo tulikutana katika chumba cha nyuma cha mgahawa ulio karibu na stesheni. Meza zilikuwa zimepangwa kwa umbo la herufi U. Kulikuwa na wali, ugali, kuku wa kienyeji, mchicha wa karanga, na uyoga, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza na akina mama walikwisha kutoka porini na ndoo zao. Mwishoni kulikuwa na matobolwa na asali. Mzee alifika kabla ya saa yenyewe. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya kiua. Hakuja na gitaa. Nilimwamkia, “Shikamoo, Mzee,” akaitikia, “Marahaba, Padri,” kisha akatafuta kiti cha pembeni. Ilibidi mwenyekiti amshike mkono na kumpeleka meza kuu.

Alipopewa nafasi ya kusema, alianza kwa kusahihisha barua yetu. Alisema hakuwahi kuwa kiongozi wa okestra wala wa kitu kingine chochote. Yeye alipiga gitaa la rithimu. Kuhusu neno okestra, alitufundisha vizuri. Alisema huko Ulaya neno hilo lina maana ya watu wengi wenye fidla wakimtazama mtu mmoja mwenye kijiti, lakini huku kwetu, hasa baada ya wanamuziki wa Kongo kuja na bendi zao, neno hilo lilikuwa na maana ya magitaa, tarumbeta, ngoma na waimbaji, na watu wakicheza mpaka alfajiri. “Bendi ikitaka kuonekana kubwa ilijiita okestra,” alisema. “Njaa ilikuwa ile ile.” Tulicheka sana.

Kisha akatutembeza katika historia ya mji wa Tabora, ambayo wengi wetu, tuliohamia huku, hatukuijua. Alitutajia Kiko Kids ya miaka ya 1950, bendi ya Salum Zahoro, ambayo yeye aliikuta ikisimuliwa na wakubwa zake. Alitutajia Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz pamoja na mtindo wake wa Segere Matata, na Shem Karenga aliyetoka Kigoma. Alisema mji huo mmoja, ulio mbali na bahari na mbali na Dar es Salaam, ulitoa nyimbo zilizochezwa na Radio Tanzania nchi nzima, na mtu aliyekuwa Songea au Tanga aliijua Tabora kwa sauti ya magitaa yake kabla hajaiona kwenye ramani.

Alieleza pia jinsi walivyosafiri kwa treni. Bendi yake ilipokwenda kupiga Mpanda iliwabidi kusubiri hapa hapa Kaliua, mahali ambapo njia ya Mpanda inaachana na ile ya Kigoma. Wakati mwingine walisubiri usiku mzima. Basi walikaa jukwaani, mmoja akatoa gitaa bila umeme, mwingine akapiga sanduku, na abiria wakawaletea viazi na chai. “Huu mji wenu,” alisema, “nimewahi kuulisha kwa muziki, nao ukanilisha kwa viazi, kabla wengi wenu hamjazaliwa.”

Mwalimu wetu mstaafu akamuuliza gitaa la rithimu linafanya kazi gani. Mzee akaeleza kwamba mpigaji wa solo ndiye anayepanda juu, ndiye anayeshangiliwa, ndiye ambaye akina dada walimtuza kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Mpigaji wa rithimu hurudia jambo lile lile tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Hakuna anayemtazama. “Lakini nikinyamaza kidogo tu,” alisema, “wachezaji wote wanageuka kutazama jukwaani kuuliza kumetokea nini.”

Mpaka hapo chakula chetu cha mchana kilikuwa kimekwenda kama tulivyokipanga. Tulikuwa tumeshiba, tumecheka, tumejifunza. Kama ilivyo desturi, mwenyekiti alisimama kutoa neno la shukrani, na katibu akapitisha bahasha. Hatukuwa na bajeti ya mgeni, lakini kila mmoja alitia alichokuwa nacho. Zilipatikana shilingi 74,000. Mwenyekiti akampa Mzee bahasha kwa mikono miwili.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili pia, akashukuru. Kisha akaiweka mezani mbele yake, asiitie mfukoni. Aliomba ruhusa ya kusema neno moja zaidi.

Alisema alipopata barua yetu alimwomba mjukuu wake amsomee mara mbili, kwa sababu juu ya karatasi palikuwa na maneno “kufa na kuzikana”. Alisema bendi yake ilikuwa na wanamuziki tisa. Vyombo vilikuwa mali ya tajiri. Mwanamuziki aliyeacha kazi aliliacha gitaa ukutani na kutoka mikono mitupu. Miaka ya 1980, nyuzi zilipoadimika madukani, walifunga nyaya za breki za baiskeli. Hatimaye tajiri aliuza spika, na bendi ikafa bila mtu kutangaza kifo chake. Kati ya wale tisa amebaki yeye na mwenzake mmoja. Mpiga ngoma wao alipofariki, hapakuwa na fedha ya sanda. Basi walisimama sokoni, mtu mmoja akatangaza kwa kipaza sauti kwamba marehemu alikuwa mwanamuziki maarufu, wakapitisha kofia. Watu waliweka sarafu, na baadhi yao walitabasamu, wakikumbuka ujana wao.

“Ukumbini nilituzwa,” alisema Mzee, “na sikuona haya, kwa kuwa nilikuwa nimempigia mtu, naye amefurahi, akanipa. Ile ilikuwa haki yangu. Lakini siku ya kuzikwa sitampigia mtu chochote. Sitaki kutuzwa siku hiyo. Nataka kuzikwa na watu ninaodaiana nao.”

Akatoa mfukoni mwa shati noti mbili za shilingi elfu kumi, zilizokunjwa pamoja, akaziweka juu ya bahasha yetu. Alisema hizo si kutoka katika bahasha. Alikuja nazo kutoka nyumbani. Anatengeneza redio na chaja za simu barazani kwa binti yake, na elfu tano kwa mwezi hazimshindi. Alikuwa anaomba kuwa mwanachama.

Ndugu zangu, kile chumba kilinyamaza. Nilimwona katibu akiinamisha kichwa. Nilimwona mweka hazina wetu akinitazama. Mimi nilitazama sahani yangu.

Kifungu cha saba cha katiba yetu kinasema mwombaji wa uanachama awe hajazidi miaka 55. Mzee ana miaka 74. Na kifungu hicho nilikiandika mimi. Mwaka 2014 wenzangu waliniomba nisaidie kuandika katiba kwa sababu, kama walivyosema, Padri anajua kuandika. Niliandika kwa mkono wangu, katika daftari la mistari, na nakumbuka nilijisikia mwenye busara nilipofika kwenye kifungu cha saba. Nilikuwa na miaka 49. Leo nina 60. Kama ningekuwa naomba kuingia leo, kifungu changu kingenifungia mlango.

Mweka hazina alisimama kwanza. Yeye ni muuguzi, na ni mjane; kikundi hiki kilimzika mume wake. Alisema kwa heshima, “Mzee wangu, utusamehe,” kisha akaeleza hesabu, na ninataka kuieleza hapa kwa sababu si hesabu ya mtu mwenye roho ngumu. Watu 32 wakilipa ada yote kwa mwaka mzima ni shilingi 1,920,000. Wakifa wanachama watatu katika mwaka mmoja, mfuko unatoa 1,800,000 na kubakiwa na 120,000. Ukiongeza hapo msiba mmoja wa mtoto, tumefilisika. Tukipokea wazee wote wa mji huu, alisema, kikundi kitakufa kabla yao, na siku mtoto wa mwanachama aliyelipa kwa miaka kumi atakapofariki, mama yake atakuta sanduku tupu. “Siku nilipofiwa,” alisema, “sikuombewa sokoni. Nawaombeni msiniondolee jambo hilo, wala msimwondolee mwingine.” Alikaa chini akifuta macho.

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Hakukasirika hata kidogo. Alisema mama huyo ana haki, na kwamba katika chama cha vijana wa dansi alichokuwamo kabla ya kuajiriwa na tajiri kulikuwa na shida ile ile, nao waliweka kipindi cha kungoja. Mtu mzima sana akijiunga, alilipa mwaka mzima kabla familia yake haijastahili chochote. Akifa ndani ya mwaka huo, walirudishiwa alichokilipa, na wenzake walichimba kaburi tu. “Ningojesheni,” alisema. “Hata miaka miwili. Nimezoea kungoja treni hapa.”

Mwenyekiti alieleza kwamba katiba haiwezi kubadilishwa mezani. Inahitaji taarifa ya siku kumi na nne na theluthi mbili ya kura, yaani kura 22. Mkutano utakuwa Jumamosi ijayo. Noti mbili za Mzee hazikurudishwa wala hazikupokewa. Mweka hazina alizitia katika bahasha ndogo, akaandika juu yake jina la Mzee kwa penseli. Bahasha yetu kubwa, ile ya shilingi 74,000, Mzee aliichukua. Alisema ile ni haki yake, kwa kuwa amesema saa nzima na koo limemkauka. Tulicheka tena, ingawa si kama mwanzo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika kwenye njia ya reli nilimkumbuka mtu mwingine. Miaka minne iliyopita mama mmoja aliyeuza dagaa kutoka Kigoma aliomba kujiunga na kikundi chetu. Alikuwa na miaka 61. Katibu alimsomea kifungu cha saba, naye akashukuru na kuondoka na beseni lake. Mwaka uliofuata nilimzika. Kabla ya kutoka kanisani nilisimama mbele ya watu nikaomba mchango wa jeneza, na nilisema maneno mazuri juu ya ukarimu. Zilipatikana shilingi 43,000, na seremala akakubali kudaiwa zilizobaki. Siku ile niliona nimefanya tendo jema. Haikunijia kabisa kwamba mama yule alikuwa ametaka kulipa, na kwamba mtu aliyemfanya awe ombaomba wakati wa maziko yake ni mimi, kwa mstari mmoja wa daftari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za vyama vya muziki vya nchi yetu, na nimegundua kwamba Mzee hakutuletea jambo geni. Kabla ya dansi kulikuwa na beni. Ngoma hiyo ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za askari wa Kizungu kwa tarumbeta na gwaride, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha kuenea katika miji mingi ya Tanganyika. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na vyeo. Palikuwa na wafalme na majenerali wa kuchekesha. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, ameonyesha kwamba nyuma ya mchezo huo kulikuwa na kazi kubwa: wanachama walichangiana katika ugonjwa na walizikana. Kijana aliyekwenda mji wa mbali kutafuta kazi alijiunga na ngoma, na kwa kujiunga alipata watu.

Western Jazz nayo ni mfano. Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, mwanzilishi wake akiwa Iddi Nhende, mwenyeji wa Nzega, na jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Watu wa huku walipokuwa wageni kule pwani walitafutana, wakapata magitaa, wakawa na mahali pa kukutana. Na kabla ya hao wote walikuwako wapagazi Wanyamwezi, waliopita katika nchi yetu hii na pembe na vitambaa, kati ya pwani, Tabora na Ujiji. Walitembea kwa ngoma na nyimbo za kirangozi, na jioni waligawanyika katika vikundi vidogo vilivyopika chungu kimoja. Sisi tulidhani tumemwalika mwanamuziki atuburudishe baada ya shughuli zetu za kusaidiana. Kumbe shughuli hizo watu wake walikuwa nazo tangu zamani, katika vyama vile vile walimochezea.

Nimejifunza pia habari za Shikamoo Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Dar es Salaam, shirika la HelpAge International, linaloshughulikia wazee, liliwasaidia wanamuziki wa zamani waliokuwa wamesahauliwa kuunda bendi hiyo. Walipata vyombo, wakarudi jukwaani. Mmoja wao alikuwa Salum Zahoro, yule yule wa Kiko Kids ya Tabora. Jambo linalonigusa ni kwamba wazee wale hawakupewa blanketi tu na kuachwa wakae. Walipewa magitaa, kwa kuwa walikuwa bado wanaweza kupiga. Na jina la bendi lilikuwa ile salamu tunayowapa wazee kila siku. Mimi nilimpa Mzee salamu hiyo mlangoni, naye akaniitikia, wakati kifungu cha saba kikiwa ndani ya mkoba wa katibu.

Wapendwa, kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma ambayo tumefundishwa tangu utoto. Nimeyafundisha mwenyewe kwa miaka mingi. Lakini nimeona sasa kwamba mtu aweza kumhurumia mwenzake na bado akamnyima kitu. Tulikuwa tayari kumpa Mzee shilingi 74,000 bila kuulizana, ila kupokea kwake shilingi 20,000 kulitushtua. Kumpa hakukutudai chochote baadaye. Angeondoka nazo, nasi tungeendelea na mambo yetu. Kupokea ada yake kungetufunga kwake mpaka kaburini, kama yeye naye angefungwa kwetu, akija kukesha katika misiba yetu, akichangia elfu tano yake kwa ajili ya mtoto wa mwalimu aliyetoka Kagera. Huko Zanzibar, serikali ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza aliajiriwa wapi. Kiasi hicho kilikuwa kidogo. Hata hivyo mzee wa huko hakulazimika kueleza shida zake sokoni ili akipate. Ilitosha kwamba yupo na umri wake unajulikana.

Sisemi kwamba mweka hazina wetu amekosea. Hesabu yake nimeirudia mara tatu, nayo ni sahihi. Ndiyo maana Jumamosi sitasimama kuhubiri. Nitasimama kama mwanachama wa kawaida na kupendekeza maneno machache: kwamba mwombaji aliyezidi miaka 55 apokelewe, angoje miezi kumi na minane kabla ya kustahili fedha, akifariki kabla ya hapo familia yake irudishiwe alichokilipa, na katika hali zote mbili wanachama wachimbe kaburi, wapike na wakeshe. Nitapendekeza pia kwamba kwa sasa wasizidi watano, mpaka mfuko utakapokua. Najua kwamba yule wa sita atanililia, na sina jibu lake bado. Na kabla ya hayo yote nitawaeleza wenzangu habari za mama muuza dagaa, kwa kuwa wengine hawakuwako siku ile, na waliokuwako yawezekana wamesahau, kama nilivyosahau mimi.

Mweka hazina alinipigia simu jana usiku. “Baba,” aliniambia, “nimepiga hesabu ya miezi kumi na minane. Inabana, lakini si kama nilivyodhani.” Hakusema atapiga kura gani, nami sikumuuliza.

Nawaombeni ndugu wasomaji, hasa mlio katika vikundi vya aina hii, na najua ni wengi, mchukue katiba zenu juma hili na kuzisoma mkiwa na swali moja tu: ni nani asiyeweza kuingia hapa hata akiwa na ada yake mkononi? Kama mtampata, mwulizeni mwenyewe angependekeza nini. Huenda akawa na jibu ambalo ninyi hamkulifikiria, kama mpiga rithimu wetu.

Matokeo ya Jumamosi nitawaandikieni juma lijalo, yawe mazuri au mabaya. Nawatakieni nyote juma jema na afya njema.